Maswali Yenu: Je, Mafua ya Chavua Huweza Kugeuka Saratani ya Damu?

Nafasi ya toleo hili nimeitoa kwa barua nne ambazo, ingawa zimetoka mahali tofauti, zinagusana. Mbili zinahusu mzio wa chavua, yaani ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, na mbili zinahusu saratani ya damu na jeni zake. Nilikaa maabara ya damu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kushika kalamu, na hofu iliyomo katika barua ya kwanza nimewahi kuiona kwa macho yangu katika nyuso za wazazi waliokuwa wakisubiri majibu kwenye benchi. Naomba mnivumilie nikiijibu kwa kirefu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Kila mwaka mvua zinapoelekea kukatika na nyasi zinapotoa maua, hupiga chafya mfululizo, macho humwasha na pua humtiririka maji. Mwezi uliopita alipimwa damu. Karatasi ya majibu inasema chembe nyeupe ni 6,200 na eosinofili ni asilimia 11, na pembeni pamewekwa mshale unaoelekea juu. Jirani yangu, ambaye amewahi kuuguza, ameniambia kwamba chembe nyeupe zikizidi ndio mwanzo wa saratani ya damu. Tangu siku hiyo silali. Je, ni kweli? — Mama wa watoto watatu, Iringa

Mama, pole sana kwa usiku hizo. Jibu ni hapana: mafua ya chavua hayageuki saratani ya damu, na karatasi uliyonayo haisemi kwamba mwanao ana ugonjwa huo. Tuisome pamoja.

Jumla ya chembe nyeupe za mwanao, 6,200 katika kila mikrolita ya damu, ni ya kawaida kabisa. Kilichopanda ni aina moja tu ya chembe hizo. Asilimia 11 ya 6,200 ni 682, wakati mtu mwenye afya huwa na eosinofili zisizozidi 500 hivi. Mshale ule umewekwa kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo. Kiwango kinachomfanya daktari aanze kutafuta magonjwa mazito ni kile kinachozidi 1,500 na kubaki juu kwa muda, na mwanao yuko mbali nacho.

Eosinofili ni chembe nzuri kuitazama. Ukipaka tone la damu kwenye kioo, ukalitia rangi na kuliweka chini ya darubini, utaiona chembe hiyo kiini chake kimegawanyika vipande viwili vilivyoshikana kama vioo vya miwani, na mwili wake umejaa punje za rangi ya chungwa lililoiva. Punje hizo ni silaha, na adui wake mkubwa tangu zamani ni minyoo. Ndiyo maana katika nchi zetu, eosinofili zinapopanda, la kwanza la kuulizia ni safura, kichocho na minyoo mingine, na la pili ni mzio na pumu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria lolote jingine, mwanao apimwe choo. Huenda akawa na vyote viwili, minyoo na mzio, na hilo si jambo geni.

Sasa nikueleze kinachotokea katika pua ya mtoto huyo. Chavua ya nyasi haina sumu. Mtu mwingine huivuta kutwa nzima bila kupiga chafya hata moja. Lakini kinga ya mwili wa mwanao, wakati fulani huko nyuma, ilijifunza vibaya: iliitazama protini iliyomo katika chavua ikaichukulia kuwa adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi yake. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli ziitwazo masti, ambazo zimetanda puani, machoni na katika njia ya hewa, zikisubiri. Siku chavua ileile inaporudi, inazinasa kingamwili hizo, seli za masti zinachochewa na kumwaga histamini, na hapo ndipo maji, muwasho na chafya vinapoanza. Kingamwili hii ya IgE ilitambuliwa mwaka 1966 na 1967 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi.

Naomba ulishike hili, Mama, kwa kuwa ndilo linalojibu hofu yako. Katika mzio, seli za mtoto ni nzima na jeni zake hazijaharibika. Zimefundishwa kosa tu, na kosa la kufundishwa linaweza kufundishwa upya. Saratani ya damu ni jambo la namna nyingine. Huko, katika seli moja ya uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, maandishi yenyewe ya jeni hubadilika, na seli hiyo huzaa nyingine zenye maandishi hayohayo yaliyoharibika. Kupiga chafya, hata kwa miaka 50, hakuandiki upya jeni za uboho.

Ili nisikufiche kitu, niseme pia kwamba upo ugonjwa mmoja adimu ambamo eosinofili zenyewe ndizo saratani. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo wamepotewa na kipande cha herufi zipatazo 800,000 katika kromosomu ya 4 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na jeni mbili zilizokuwa mbalimbali, FIP1L1 na PDGFRA, zikaungana na kuwa moja. Wengi wao ni wanaume watu wazima, eosinofili zao huwa maelfu kwa maelfu, na moyo wao huweza kudhurika. Mwanao hafanani nao kwa lolote. Dalili za kukupeleka hospitali haraka ni weupe wa viganja na midomo usioisha, michubuko inayotokea bila kuumia, homa zinazorudi rudi, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku, na tezi zilizovimba bila kupungua. Hakuna hata moja uliyoiandika.

Kwa mafua yenyewe, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ikitumiwa kila siku msimu mzima, ndiyo inayosaidia zaidi. Watu wengi huiacha siku ya tatu wakidhani haifanyi kazi, kumbe huchukua siku kadhaa hadi nguvu zake zionekane. Setirizini na loratadini hutuliza muwasho na chafya, wala hazimleweshi mtoto usingizi kama vidonge vya zamani. Na msiikate mijakaranda ya watu kwa kuituhumu, kama nilivyowahi kusikia ikifanyika. Maua makubwa yanayong'aa huchavushwa na nyuki, chavua yake ni nzito na yenye kunata, haifiki mbali. Wakosaji ni mimea isiyopendeza macho: nyasi, magugu na miti ya jamii ya misaipresi, ambayo humwachia upepo kazi yote na hivyo kutoa chavua nyingi kupita kiasi.

Shikamoo. Ami yangu ana saratani ya damu ya aina iitwayo CML, na anameza imatinibu tangu mwaka 2014. Sasa ni mzima, anafanya biashara zake, na anasema anataka kuacha dawa. Jambo la pili linanihusu mimi: nimeposa, lakini upande wa binti wamesikia kwamba ugonjwa wa ami uko kwenye jeni, na posa imesimama. Nifanye nini? — Msomaji, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na posa, maana naona ndiyo inayokuuma.

Neno jeni limewapotosha wakwe zako. Si kila kilichomo katika jeni kinarithiwa. Mtu hurithisha jeni zilizomo katika mbegu au yai tu. Na kosa la CML hutokea ukubwani, katika seli moja ya uboho, mahali ambapo mtoto hapati chochote. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa wa CML, ambaye jeni zake za kuzaliwa ni zilezile, hakutwi na kosa hilo. Wewe hata mtoto wa ami yako si wewe, lakini hata ungekuwa mtoto wake wa kumzaa, hukumu ingekuwa hiyohiyo. Sababu pekee iliyothibitika vizuri ni mionzi mikali, kama ile iliyowapata watu wa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Wagonjwa walio wengi hawana sababu yoyote inayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Historia ya kosa hilo naipenda, na ukiwasimulia wakwe huenda ikawatuliza kuliko hoja. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwamba seli za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida, na ikaitwa kwa jina la mji huo. Kwa miaka 13 ilidhaniwa kwamba kipande kilichokosekana kimepotea. Janet Rowley, daktari wa Chicago aliyekuwa na watoto nyumbani, alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula, na wanawe wakimtania kwamba anacheza na vikaragosi vya karatasi. Mezani hapo, mwaka 1973, alitambua kwamba kipande cha kromosomu ya 22 hakikupotea: kimehamia kwenye kromosomu ya 9, na kipande cha ya 9 kimekuja kwenye ya 22. Zilibadilishana.

Wengine waliofuata walionyesha kwamba pale palipounganishwa ndipo panapozaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na kwamba jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoiamuru seli izaliane bila kupumzika, mfano wa bomba lililong'oka koki. Imatinibu ndiyo inayoziba tundu la bomba hilo. Brian Druker wa Oregon alianza kuwapa wagonjwa mwaka 1998, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2001, wagonjwa 53 kati ya 54 waliopewa kipimo cha kutosha damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Mwezi Mei mwaka huohuo dawa ikaidhinishwa Marekani. Kwa wagonjwa walioanza nayo katika utafiti mkubwa uliofuata, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka 10, katika ugonjwa ambao zamani uliwaua wengi ndani ya miaka michache. Huku kwetu, wagonjwa wengi wa Kenya na Tanzania wameipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, na nimeshuhudia watu waliobebwa kwa machela wakirudi kliniki wakitembea kwa miguu yao.

Kuhusu kuacha: ami yako asiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kujisikia mzima ni kazi ya dawa, si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha. Ni kweli kwamba tafiti, zikiwamo za Ufaransa zilizochapishwa mwaka 2010, zimeonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa, karibu nusu, wanaweza kuacha na ugonjwa usirudi. Lakini hao ni watu ambao kwa miaka kadhaa mfululizo kipimo chenye uwezo wa kuona seli moja mbovu kati ya maelfu mengi hakikuona kitu, na baada ya kuacha walipimwa karibu kila mwezi. Ugonjwa ukirudi huonekana zaidi katika miezi sita ya mwanzo, na kwa karibu wote dawa ikianzishwa tena upesi hutii tena. Asiyepimwa hatajua umerudi hadi uwe umeshika kasi. Ami amuulize daktari wake habari ya kipimo cha BCR-ABL. Kinaweza kufanywa hata kwa mashine ya GeneXpert, ileile mnayoijua kwa kifua kikuu, kwa kutumia katriji yake maalumu. Na kabla ya majibu hayo, asiruke hata dozi moja.

Mimi ni mwanafunzi wa ukunga. Nimesoma kwamba watoto wenye mzio hawapati sana saratani ya damu. Je, mzio ni kinga? — Msomaji, Bukoba

Swali lako ni zuri, na jibu lake halijatulia. Tafiti kadhaa zilizowalinganisha watoto wenye saratani ya damu ya aina ya limfoblasti, yaani ya chembe nyeupe changa, na watoto wenzao zilikuta historia ya mzio ni haba kwa wagonjwa. Nyingine zilikuta kinyume chake. Nyingi zilitegemea kumbukumbu za wazazi, na mzazi ambaye mwanawe anaumwa saratani hukumbuka mambo ya nyuma kwa namna tofauti na mzazi ambaye mwanawe yuko uwanjani anacheza. Mimi nisingejenga lolote juu ya msingi huo.

Lililo imara zaidi, na ambalo wewe kama mkunga mtarajiwa litakuvutia, ni kwamba kwa watoto wengi hatua ya kwanza ya ugonjwa huo hutokea tumboni mwa mama. Mel Greaves na wenzake wa London walithibitisha hilo kwa kuchunguza mapacha wa kufanana waliougua wote wawili, wakakuta kosa la jeni limekatika mahali palepale hadi herufi ya mwisho, jambo lisilowezekana isipokuwa kosa lilianza kwa pacha mmoja na seli zikavuka kwa mwenzake kupitia kondo waliloshiriki. Kisha, mwaka 1999, walilikuta kosa la namna hiyo, la jeni ETV6 na RUNX1 kuungana, katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale yanayochukuliwa kwenye kisigino cha mtoto siku chache baada ya kuzaliwa, ya watoto ambao waliugua miaka kadhaa baadaye.

Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na seli zenye kosa hilo, na katika hao ni takriban mmoja kati ya 100 anayekuja kuugua. Lazima pawepo kosa la pili baada ya kuzaliwa. Greaves anaamini kwamba mtoto asiyekutana na vijidudu vya kawaida katika mwaka wake wa kwanza, kinga yake hubaki bila mafunzo, na maambukizo yanapomjia baadaye hupokewa kwa fujo inayoweza kuleta kosa hilo la pili. Ni nadharia yenye ushahidi mzuri, ingawa bado haijawa kanuni. Hoja ya kinga kukosa mafunzo ya utotoni ndiyo hiyohiyo inayotolewa kueleza kwa nini mzio umeongezeka mijini, na ndiyo maana magonjwa haya mawili hukutana katika kurasa ulizosoma. Usimwambie mama yeyote kwamba mafua ya mwanawe ni kinga, na usimwambie kwamba alikosea chochote wakati wa ujauzito.

Nilizaliwa Tanga, sikuwahi kuwa na mzio. Nina mwaka wa sita Hamburg, na tangu mwaka wa tatu kila Aprili naumwa vibaya kwa chavua ya mti uitwao Birke. Ajabu ni kwamba sasa hata tufaha likinigusa mdomo, ulimi unaniwasha. Daktari anataka nitumie tiba ya miaka mitatu. Miaka mitatu kwa ajili ya mafua? — Msomaji, Ujerumani

Ndugu yangu, yaliyokupata yamewapata wahamiaji wengi. Mtu hawezi kuwa na mzio wa kitu ambacho mwili wake haujawahi kukutana nacho. Huko Tanga Birke haipo, na misimu kadhaa inahitajika hadi kinga ijifunze kosa lake. La tufaha pia lina maelezo. Protini kuu ya chavua ya mti huo, ambayo jeni yake ilisomwa Vienna mwaka 1989 ikiwa ya kwanza kwa chavua yoyote, ina ndugu yake ndani ya tufaha anayefanana nayo sana, na kingamwili zako zinashindwa kuwatofautisha. Ndugu huyo haimudu joto la moto. Jaribu tufaha lililopikwa, aghalabu halitakuwasha.

Kuhusu miaka mitatu, tiba hiyo ya kuuzoesha mwili chavua kwa dozi za chavua yenyewe ndiyo ya pekee inayogusa kosa lenyewe badala ya kufuta maji ya puani. Leonard Noon aliianza London mwaka 1911 kwa kuwadunga wagonjwa chavua ya nyasi, kidogo kidogo, akipandisha kipimo. Alidhani chavua ina sumu na kwamba anachanja dhidi ya sumu; dhana yake ilikuwa na kosa, lakini wagonjwa walipata nafuu. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1913 kwa kifua kikuu, mwenzake John Freeman akaendelea, na mwaka 1954 William Frankland akaonyesha kwa jaribio lililopangwa vizuri kwamba nafuu ile haikuwa ya kufikirika. Leo tunajua kwamba dozi hizo huufanya mwili utengeneze kingamwili nyingine, za aina ya IgG4, zinazoiwahi chavua kabla IgE haijaishika, na pia huamsha seli za kutuliza kinga.

Kwa nini miaka mitatu na si mmoja? Kwa sababu hilo limepimwa. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliodungwa dawa ya nyasi kwa miaka mitatu hadi minne waliendelea kupata nafuu miaka mingine mitatu baada ya kuacha. Mwingine, wa mwaka 2017, ulijaribu miaka miwili tu. Wagonjwa walipata nafuu walipokuwa katika tiba, lakini mwaka mmoja baada ya kuacha hawakuwa na tofauti na waliopewa dawa bandia. Anayeishia njiani hulipa gharama na usumbufu wote na kukosa faida inayobaki.

Sindano hutolewa kliniki, na baada ya kila moja utakaa nusu saa ukitazamwa, kwa kuwa mara chache mwili hushtuka kwa nguvu na kuhitaji adrenalini. Vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo kwa mti wako vimekuwapo Ulaya tangu mwaka 2019, ni salama zaidi kwa matumizi ya nyumbani, lakini kile cha kwanza hutumiwa mbele ya daktari. Ukiwa na pumu isiyotulia, mwambie kabla ya yote, maana hapo tiba husubiri. Vidonge hivyo huanzwa angalau wiki 16 kabla ya maua, kwa hiyo kwa Aprili ijayo inakubidi uwe umeanza ifikapo Desemba mapema. Ukija likizo Tanga, beba vya kutosha safari nzima: huku Birke haipo, lakini kidonge ni cha kila siku.